Kinachofuata Kitenzi: Jinsi ya Kupanga Maneno katika Kiingereza cha Kila Siku

Sentensi "Nampenda sana mama yangu" haina kasoro. "Sana" imekaa mara tu baada ya kitenzi, kisha akatajwa anayependwa, na sikio limeridhika. Ukiivusha hivyo hivyo hadi kwenye Kiingereza unapata "I love very much my mother". Maneno yote ni sahihi, tahajia haina shida, wakati wa kitenzi hauna shida, lakini mtu wa London au Chicago atajua papo hapo kwamba aliyesema hakukulia ndani ya lugha hiyo. Kilichoharibika ni foleni. Anayepaswa kusimama karibu na kitenzi ni "my mother", na "very much" ingoje nyuma: "I love my mother very much."

Mwongozo huu unaihusu foleni hiyo. Shuleni tunasoma nyakati za vitenzi mwaka hadi mwaka, tunakariri vitenzi visivyofuata kanuni, lakini suala la nini kinakuja baada ya kitenzi, na kwa mpangilio gani, hupitiwa juu juu. Nadhani tunapoteza mengi hapo. Kosa la wakati husameheka kwa urahisi, kwani msikilizaji huelewa kwamba mambo yalitokea jana hata ukisema "go" badala ya "went". Kosa la mpangilio humfanya asimame katikati ya sentensi yako na kuanza kuipanga upya kichwani mwake. Akifanya hivyo mara tano, amechoka kukusikiliza.

Kwa nini tunateleza hapa

Chukua neno "nilikinunua". Ndani yake yumo aliyenunua, umo wakati, na kimo kilichonunuliwa, yaani ile "ki". Kwa kuwa kitenzi chetu kimebeba hayo yote, maneno mengine yanaweza kuhama bila madhara: "Kitabu nilikinunua jana", "Nilikinunua jana kile kitabu", "Jana nilikinunua kitabu". Mkazo unabadilika, maana haipotei.

Kitenzi "bought" kinabeba wakati tu. Hakisemi ni nani aliyenunua wala nini kilinunuliwa. Msikilizaji anayajua hayo kwa nafasi tu: aliye mbele ya kitenzi ndiye mtendaji, kilicho nyuma yake papo hapo ndicho kinachotendwa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha miaka 1000 iliyopita kilikuwa na viambishi mwishoni mwa nomino vilivyoonyesha nani katenda na nani katendwa, na maneno yaliweza kuhamahama zaidi kuliko leo. Viambishi hivyo vilipodhoofika na kupotea, kazi yao ikarithiwa na nafasi. Ndiyo maana Mwingereza hana subira na neno linalojipenyeza kati ya kitenzi na hicho kinachotendwa, yaani yambwa, au shamirisho kama wengi wanavyoliita Kenya.

Kwa msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa, mvuto ni wa pande mbili, kwa sababu Kifaransa nacho huweka kielezi katikati, baada ya kitenzi na kabla ya yambwa. Yeye inambidi azoeze sikio lake mara mbili zaidi.

Yambwa kwanza, kielezi baadaye

Kanuni yenyewe ni fupi: kitenzi kikiwa na yambwa, usiweke kitu katikati yao. "She speaks English well." "I received your message yesterday." "Please read this form carefully." Ukitaka kujikagua, weka kidole kwenye kitenzi na ujiulize "nini?" au "nani?". Jibu linatakiwa liwe neno linalofuata. Umeandika "He drives carefully the bus"? Anaendesha nini? Basi. Basi ndilo lije kwanza: "He drives the bus carefully."

Vielezi vinavyotuponza zaidi ni viwili, "sana" na "pia", kwa sababu katika Kiswahili vyote huandama kitenzi bila kuomba ruhusa. "Napenda pia chai" ikigeuzwa "I like also tea" inakwaruza. Kuna njia mbili salama: tanguliza kielezi kabla ya kitenzi, "I also like tea", au kipeleke mwisho kabisa, "I like tea too". "Sana" ina mtego wa ziada. Sisi tunasema "mzuri sana" na "anapenda sana" kwa neno moja, lakini "very" ya Kiingereza hukaa na vivumishi na vielezi peke yake. Haikubali kukaa na kitenzi. Kwa hiyo "I very like" si Kiingereza, na "I like it very" pia si Kiingereza. Sema "I like it very much" au "I really like it". Katika mazungumzo ya kawaida, watu husema zaidi "I like it a lot".

Vielezi vya mazoea, kama "always", "often" na "never", vina makao yao kabla ya kitenzi kikuu: "She always closes the shop at six." Vikikutana na "is", "was" au kitenzi kisaidizi, hukaa baada yake: "He is always late", "I have never seen snow". Ukishika hilo inatosha.

Kanuni ya yambwa kwanza ina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni pale kati ya kitenzi na nomino panapokuwa na kihusishi. Hapo kielezi kinaruhusiwa kuingia: "Listen carefully to the doctor." "She spoke softly to the child." Kihusishi kimekwisha kuonyesha uhusiano, kwa hiyo nafasi haina mzigo mkubwa wa kubeba. Mpaka wa pili ni yambwa ndefu. Ukiwa na kirai nomino cha maneno kumi, kukingojea kiishe ndipo useme "carefully" kunamchosha msikilizaji, na waandishi wazuri wa Kiingereza hukitanguliza kielezi: "She explained very carefully the rules that every new driver must follow." Uzito wa yambwa ndio uliolazimisha hivyo. Kwa yambwa ya maneno mawili au matatu, rudi kwenye kanuni.

Usiidondoshe yambwa

"Umenunua unga?" "Ndiyo, nimenunua." Mazungumzo haya yanapita kila siku dukani na jikoni, na hakuna anayeuliza nimenunua nini. Kwa Kiingereza jibu "Yes, I bought" linaning'inia. Msikilizaji anangoja. Lazima useme "Yes, I bought it", au ukate kwa kitenzi kisaidizi peke yake: "Yes, I have" au "Yes, I did", kulingana na swali lilivyoulizwa. Vivyo hivyo ukiulizwa kama ulipenda chakula, jibu ni "Yes, I liked it".

"Enjoy" ni ya kuangaliwa kwa jicho la pekee. Huku kwetu, "We really enjoyed!" ni kauli ya kawaida baada ya harusi. Kwa Kiingereza sanifu kitenzi hiki hudai kitu cha kufurahiwa: "We enjoyed the party", "We enjoyed it", au "We enjoyed ourselves". Mhudumu wa mgahawa anapokuletea sahani na kusema "Enjoy!" tu, hiyo ni kauli ya amri iliyokwisha kuzoeleka peke yake, wala haifungui mlango wa kusema "I enjoyed".

Vihusishi vilivyojificha ndani ya vitenzi vyetu

Hapa ndipo kiini cha tatizo, na nitakaa hapa kidogo.

Kiswahili kina kauli ya kutendea. Mtu analia, kisha analilia kitu. Anakimbia, kisha anakimbilia mahali. Anatupa jiwe, kisha anamtupia mwenzake mpira. Ile "-ia" au "-ea" inafanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa neno linalosimama peke yake: "cry for", "run to", "throw to". Isitoshe, tuna vitenzi vingi ambavyo havihitaji hata kiambishi hicho: tunasikiliza redio, tunasubiri basi, tunatafuta kazi, tunaangalia picha. Nomino inafuata kitenzi moja kwa moja. Mtu akibeba tabia hiyo kwenda Kiingereza, anasema "I am waiting the bus" na "I like to listen music". Kinachokosekana ni kineno kidogo: "waiting for the bus", "listen to music", "look for a job", "look at the picture", "laugh at him", "ask for water", "depend on rain".

Usivijifunze vitenzi hivi vikiwa peke yao. Ukiandika kwenye daftari lako "wait = kusubiri", umejiandikia kosa la kesho. Andika "wait for someone = kumsubiri mtu", na ukitamke hivyo kizima, kana kwamba ni neno moja refu.

Upande wa pili, sisi watu wa Afrika Mashariki tuna tabia ya kuongeza kihusishi mahali ambapo hakitakiwi. "We discussed about the budget." "He emphasised on discipline." "They requested for more time." Haya utayasikia kwenye mikutano ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, yakisemwa na watu wenye elimu kubwa, na wasikilizaji wao huelewana bila shida. Chanzo kimojawapo ni Kiswahili, kwa sababu tunajadili kuhusu jambo na tunasisitiza juu ya jambo. Chanzo kingine kimo ndani ya Kiingereza chenyewe: nomino za familia hiyo hudai kihusishi. Kuna "a discussion about the budget", kuna "emphasis on discipline", kuna "a request for more time". Ikiwa nomino, kihusishi kinakuja. Ikiwa kitenzi, yambwa inafuata papo hapo: "discuss the budget", "emphasise discipline", "request more time". Kwenye kundi hili weka pia "enter the room", "reach the station", "answer the question", na "marry", maana Kiingereza husema "She married a teacher", bila "with".

Nieleze, niambie, nipe

Katika "Mpe Asha kitabu", anayepokea hutangulia na kitu hufuata. Kiingereza kinakubali hapo: "Give Asha the book." Vitenzi vinavyokubali mpangilio huu ni vile vya nyumbani na sokoni: "tell", "show", "send", "lend", "buy", "bring", "teach". Unaweza pia kupindua, kitu kikatangulia na anayepokea akafuata nyuma ya "to" au "for": "Give the book to Asha", "Buy some bread for the children". Vyote viwili vikiwa viwakilishi, chukua njia hii ya pili, "Give it to me", nayo haitakuangusha popote.

Matatizo yanaanza na "nieleze". Kwa kuwa tunasema "nieleze" kama tunavyosema "niambie", tunaandika "Explain me this". Lakini "explain" haimpokei mtu moja kwa moja. Ni "Explain this to me". Ndivyo zilivyo pia "describe", "suggest", "announce", "donate" na "say". Kwa nini "tell me" ni sawa na "say me" si sawa, hakuna sababu nyepesi, lakini kwa zilizobaki kuna dalili inayosaidia: vitenzi vifupi vya asili ya Kigermaniki hukubali mtu na kitu vifuatane, ilhali vile vilivyoingia kutoka Kilatini na Kifaransa vingi hudai "to". Linganisha "give the school some books" na "donate some books to the school". Zipo zinazokaidi, kama "promise" na "offer", ambazo zina asili ya Kilatini na bado husema "He promised me a job". Kwa hiyo dalili hiyo itumie kukisia, kisha uhakikishe.

Vineno vidogo: "up", "off", "on", "out"

Sisi tunawasha taa na kuzima taa, tunavaa viatu na kuvua viatu. Kila tendo lina kitenzi chake. Kiingereza huchukua kitenzi kimoja cha kawaida na kukibadilisha maana kwa kineno kinachofuata: "turn on", "turn off", "put on", "take off", "throw away", "fill in". Yambwa ikiwa nomino, ina uhuru wa kukaa upande wowote wa kineno: "Turn on the light" au "Turn the light on". Zote mbili ni sawa. Yambwa ikiwa ndefu, iache nyuma: "Turn off the light in the room at the end of the corridor."

Lakini yambwa ikiwa kiwakilishi, uhuru huo unafutika. Ni "Turn it on", basi. "Turn on it" haisemwi. "Put them on", "throw it away", "fill it in", "call me back". Kiwakilishi ni chepesi, na Kiingereza hukibana kati ya kitenzi na kineno. Tabia hii inaonekana hata kwenye sentensi zilizopinduliwa: mkiwa kituoni mtu atasema "Here comes the bus", lakini akitumia kiwakilishi atasema "Here it comes".

Sasa, si kila kineno baada ya kitenzi ni cha aina hii. "Look after the child" ikipata kiwakilishi inakuwa "look after him", na ukisema "look him after" umekosea. Tofauti utaijuaje? Kuna jozi moja ambayo ukiielewa umeelewa yote. "He ran up a hill" maana yake alipanda kilima mbio, na "up" ni kihusishi kinachotaja njia aliyopita: "He ran up it." "He ran up a bill" maana yake alijilimbikizia deni, na "up" ni sehemu ya kitenzi: "He ran it up." Jaribu kuingiza kielezi. "He ran quickly up the hill" inakubali. "He ran quickly up a bill" inakataa. Jaribu tena kwa sauti: katika "turn it on" uzito wa sauti unaangukia "on", na katika "look at it" unaangukia "look". Sikiliza redio ya Kiingereza kwa wiki moja ukiwa na swali hilo tu masikioni, utaanza kulisikia bila kutafuta.

Kuna kineno kimoja ambacho Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki hupenda kukidondosha: "up" ya "pick up". "I will pick you at the airport" hueleweka Entebbe na Mombasa, lakini kwa Mwingereza au Mmarekani "pick" pekee ni kuchagua, au kuchuma tunda. Mgeni anatakiwa "picked up", na mwisho wa safari "dropped off". Kinyume chake tunaongeza "up" kwenye "cope": andika "cope with", bila "up".

Chakula kinanukia vizuri

"Pilau inanukia vizuri." "Vizuri" ni kielezi, kwa hiyo mwanafunzi makini anaandika "The pilau smells nicely" na kushangaa kusahihishwa. Sababu ni kwamba kwa Kiingereza, pilau haifanyi tendo lolote hapo. Sentensi inaieleza pilau yenyewe ilivyo, na kinachoeleza nomino ni kivumishi: "The pilau smells good." Vitenzi vya kundi hili ni "look", "feel", "sound", "taste", "seem" na "become". "You look beautiful." "The water feels cold." "That sounds strange." Badili kitenzi kwa "is". Kama sentensi bado ina maana, tumia kivumishi. Ndiyo maana "She looked angry" ni uso wake ulivyoonekana, na "She looked angrily at the driver" ni jinsi alivyomtazama dereva. "I feel well" ni sahihi kwa sababu "well" hapo ni kivumishi cha afya.

Nikiwa hapo hapo kwenye vielezi: "He works hard" ni sifa, na "He hardly works" ni shutuma kwamba mtu huyo karibu hafanyi kazi kabisa. Ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza kazini, soma mara mbili.

Maneno yasiyotaka kihusishi

"Home" ikifuata kitenzi cha mwendo haitaki "to": "I am going home". Ndivyo zilivyo "here", "there", "abroad" na "upstairs". "Come to here" ni kosa la kuvusha "njoo hapa" kwa uangalifu kupita kiasi. Na wakati pia: tumefundishwa "on Friday", tukahitimisha kwamba kila Ijumaa ina "on", tukaandika "on next Friday". Ikiwa na "last", "next", "this" au "every", nomino ya wakati husimama yenyewe: "I saw him last week", "She comes every day". Kiswahili kingetusaidia hapa kama tungekisikiliza, maana hatusemi "katika wiki iliyopita nilimwona" bali "wiki iliyopita nilimwona".

Vipimo navyo hufuata kitenzi bila msaada: "The sack weighs 90 kilos", "The ticket costs 30,000 shillings", "The film lasts two hours". Vinaonekana kama yambwa, ila huwezi kuigeuza sentensi yake kuwa kauli ya kutendwa.

Vielezi vikiwa vingi kwa pamoja, anza na namna, kisha mahali, kisha wakati: "The children played happily in the yard yesterday." Kitenzi cha mwendo huomba mahali kwanza: "She went to Arusha by bus on Monday." "Alienda jana Arusha" ni Kiswahili kizuri, lakini "She went yesterday to Arusha" inayumba. Wakati unaweza pia kuupeleka mwanzoni kabisa mwa sentensi, na mara nyingi unapendeza huko.

Barua moja, mstari kwa mstari

Tuseme unafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ndogo Nungwi, na umeandika hivi kwa mgeni anayekuja: "I received yesterday your email and I read carefully it. I will explain you the directions. On next Friday our driver will pick you at the ferry. Please wait him near the gate. Our chef cooks very well fish. You will enjoy. If the generator disturbs you, tell us and we will switch off it."

Mgeni ataelewa. Lakini angalia jinsi kila kosa lilivyo kosa lile lile likiwa limebadilisha nguo. "Yesterday" na "carefully" zimeingia kati ya kitenzi na yambwa, moja mbele ya nomino na nyingine mbele ya kiwakilishi, na hiyo ya kiwakilishi ndiyo inayoumiza sikio zaidi. "Explain you" imeiga "nitakueleza". "On" imezidi, "up" imepungua, "for" imepungua. Samaki amesukumwa nyuma ya "very well". "Enjoy" imeachwa bila yambwa, na "it" ya mwisho imekaa upande usio wake.

Ipange upya: "I received your email yesterday and read it carefully. I will explain the directions to you. Next Friday our driver will pick you up at the ferry. Please wait for him near the gate. Our chef cooks fish very well. You will enjoy it. If the generator disturbs you, tell us and we will switch it off." Hakuna neno gumu lililoongezwa, wala mgeni hatajua kwamba kuna kazi iliyofanyika hapo.

Kamusi inajua jirani wa kila kitenzi

Wengi hufungua kamusi kutafuta maana, wakaifunga. Kamusi za wanafunzi wa Kiingereza zilitungwa kwa lengo kubwa kuliko hilo. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japan tangu miaka ya 1920, aliona kwamba wanafunzi wake walijua maana ya vitenzi lakini hawakujua kila kitenzi kinafuatwa na nini. Yeye na wenzake walitunga kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, ambamo vitenzi vilipangwa kulingana na miundo inayovifuata. Oxford waliichapisha mwaka 1948, na leo ndiyo Oxford Advanced Learner's Dictionary inayouzwa katika maduka ya vitabu ya miji yetu. Mwanafunzi aliyekuwa akihangaika Japan na aliyekaa darasani Morogoro wana shida moja.

Ukiifungua, tafuta vifupisho "sb" na "sth". Cha kwanza ni mtu, cha pili ni kitu. Mahali vilipowekwa ndipo pa kuviweka kwenye sentensi yako. Ukikuta "explain sth to sb", umeshajibiwa kwamba kitu kinatangulia na mtu anakuja nyuma ya "to". Ukikuta "look after sb", mtu hakai katikati. Kwenye "turn sth on" na wenzake utakuta mshale wenye ncha mbili, na huo unakuambia kwamba nomino inaweza kukaa pande zote mbili za kineno. Tafuta kwa mfano "remind": utakuta "remind sb of sth", nayo itakupa "She reminds me of my aunt" na kukuzuia kuandika "She reminds me my aunt". Kisha angalia sentensi za mfano zilizochapishwa chini yake, uzinakili mbili kwa mkono, na ya tatu uitunge mwenyewe kuhusu jambo lililokutokea leo.